Hesabuni Watu Kabla ya Kuchimba Kisima

Wajukuu zangu, mtu akinifuata kuniuliza achimbe kisima wapi, sianzi na jembe. Naweka mikono nyuma, natembea hatua mia kila upande wa pale anapopataka, na nahesabu: vyoo vingapi, ng'ombe wangapi wanalala hapo, nyumba ngapi, watoto wangapi wanacheza uani. Watu hunicheka, wanasema mzee kaenda kuamkia majirani. Na kweli naamkia. Jirani ukimwamkia vizuri atakuambia shimo la choo chake lilichimbwa mwaka gani, lilikwenda kina gani, na kama masika maji hupanda ndani yake. Hayo ndiyo niliyoyafuata.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kisiwa cha Mafia, na hasa mliorudi na vyeti vya Chuo cha Maji mkaniomba niwafundishe kusoma ardhi. Ardhi nitawaonyesha. Lakini anayesoma ardhi asisome watu waliokaa juu yake amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo iliyoniaibisha mimi.

Ilikuwa Dar es Salaam, mtaa mmoja wa uswahilini, nilipokuwa bado na nguvu za kuchimba. Mwenye nyumba alikuwa na vyumba vya kupangisha pande mbili za ua na choo cha shimo pembeni. Nikapima hatua kumi na mbili kutoka chooni, nikachimba, nikashusha pete za zege, maji yakatoka meupe kama machozi, ya baridi na matamu. Nikayanywa mbele ya wapangaji kuwaonyesha. Baada ya miaka kama miwili akaja mwanafunzi wa chuo na kisanduku cha vichupa, anapita nyumba kwa nyumba. Akachota, akatia unga wake, akasubiri, rangi ikapanda ikakoza. Akasema maji haya yana naitreti kupita kiasi, mtoto mchanga asipewe. Nilimbishia. Nikamwambia mimi nimeyanywa, hayana harufu, hayana ladha. Akanijibu kwa adabu: "Ni kweli, mzee. Naitreti haina harufu wala ladha." Sikuwa mzee wakati ule, ila nadhani nilizeeka palepale.

Tangu siku hiyo siamini ulimi wangu. Ulimi unajua chumvi, na sisi watu wa kisiwani tumeufundisha vizuri: kisima kikianza kuingiwa na bahari tunajua siku hiyohiyo. Naitreti ni mgeni asiyepiga hodi.

Inatoka wapi? Inatoka kwetu. Samaki, maharage na nyama tunavyokula vina naitrojeni. Mwili huchukua haja yake, ya ziada hutoka, sehemu kubwa kwa mkojo. Mtu mzima hutoa kama kilo 4 za naitrojeni kwa mwaka. Shimoni inageuka amonia, ile inayowasha macho. Ikishuka kwenye mchanga wenye hewa, vijidudu vya udongoni huifanya naitreti. Udongo hushika vitu vingi: unachuja vijidudu vya tumbo, unashika fosfeti, hata amonia unaishika kiasi. Naitreti hauiwezi. Chembe za udongo na naitreti zina chaji ya namna moja, hazivutani, basi naitreti huenda na maji popote yaendako. Ndiyo maana kisima kinaweza kupimwa kikaonekana hakina kijidudu hata kimoja, kumbe kimejaa naitreti.

Sasa tazameni kisiwa chetu. Mvua yetu ni karibu milimita 1,900 kwa mwaka, nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Juu ni mchanga, chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu na mipasuko. Mvua ikinyesha haikai, inazama. Maji baridi yanajikusanya chini yakiwa yameelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi. Wataalamu wana kanuni yake: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Na penye kisiwa chembamba cha jiwe tupu, tabaka hilo linakuwa jembamba au halipo. Waulizeni watu wa Jibondo, ambao kwa miaka mingi waliishi kwa maji ya mvua na madumu yaliyovushwa kwa mashua kutoka Mafia kubwa.

Nyinyi mnaotembea ufukweni bamvua, maji yakishakupwa, mmeshaona vijito vya maji baridi vinachuruzika mchangani. Hayo ni maji yaleyale ya visima vyetu yakienda baharini. Kwa hiyo tuna sinia moja. Ninachomwaga mimi uani kwangu, wewe wa chini unakichota, na mabaki yanakwenda kwenye matumbawe. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na tukaambiwa habari za baruti na nyavu, na tukaelewa. Habari za vyoo hatukuambiwa sana, ingawa mwani unaostawi kupita kiasi na kufunika tumbawe hushiba chakula hichohicho.

Wazee wetu walikuwa na adabu ya kisima. Vitabu vya fiqhi vina neno lake, harimu, yaani eneo la kisima lisiloingiliwa, na wapo waliotaja dhiraa arobaini. Siku hizi kuna kanuni ya mita 30 kutoka chooni. Ziheshimuni, lakini msizitegemee peke yake. Umbali unasaidia dhidi ya vijidudu, kwa kuwa vijidudu hufa njiani. Naitreti haifi. Na kwenye mwamba wa matumbawe maji hayatembei sawasawa kama kwenye mchanga, yanapita mipasuko kama panya anavyopita darini, na hujui atatokea chumba gani. Kinachopunguza naitreti kweli ni mambo mawili tu: maji mengi ya kuichanganya, au tope lisilo na hewa. Kwenye matope ya mikoko na vinamasi, vijidudu hukosa oksijeni, basi huinyang'anya naitreti oksijeni yake na naitrojeni inarudi hewani ikiwa gesi. Hapo kuna kichekesho ambacho kilinichukua miaka kukikubali: kisima cha karibu na kinamasi, chenye harufu na kutu, ambacho akina mama hukikataa, kinaweza kuwa na naitreti ndogo kuliko kile kitamu cha mchangani wanachokipigania. Sisemi mnywe maji ya kutu. Nasema msihukumu kwa macho.

Shikeni kalamu, maana mlinidai hesabu.

Chukueni mtaa wenye watu 60 kwa hekta moja. Kila mmoja kilo 4 za naitrojeni, jumla kilo 240 kwa mwaka. Haishuki yote, nyingine inaruka kuwa amonia, nyingine inabaki shimoni. Mimi nakisia robo ndiyo inayofika majini: kilo 60. Mvua je? Katika milimita 1,900, nyingi inanywewa na minazi na jua, tukisie 400 zinafika chini. Milimita 400 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 4,000. Gawanyeni: kilo 60 kwa mita za ujazo 4,000 ni gramu 15 kwa kila mita ya ujazo, ndiyo miligramu 15 kwa lita. Hiyo ni naitrojeni. Ukitaka naitreti yenyewe zidisha kwa 4.43, unapata 66. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Mtaa huo umeshapita kikomo kabla jembe halijagusa ardhi. Rudieni hesabu kwa watu 20 kwa hekta, mtapata 22. Hapo chimbeni.

Atakuja msomi aseme robo ni ndogo, ni nusu, au mvua inayozama ni nyingi zaidi. Mwacheni abadilishe, hesabu haikasiriki. Hesabu hii haitawapa jibu la maabara. Itawapangia visima kwa hofu, kipi kipimwe kwanza, na mtu mwenye vijiti kumi vya kupimia na visima mia anahitaji kupangiwa.

Na hapa pana mtego niliowaona wasomi wakinaswa nao. Mtakuta Marekani kikomo chao kimeandikwa 10, cha Shirika la Afya 50, mkadhani Wamarekani ni wakali mara tano. Sivyo. Wao wanapima naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, wale wengine wanapima naitreti nzima. Kumi yao ni kama 44 kwa kipimo kile kingine. Mkiletewa karatasi ya majibu, ulizeni kwanza: imepimwa naitrojeni au naitreti nzima? Nimeona kisima kikisifiwa kwa kuwa na "12 tu", na hakuna aliyejua ni 12 ya namna gani.

Msidhani kuhesabu vyoo ni kichaa changu peke yangu. Kisumu, Kenya, Jim Wright wa Southampton na wenzake, akiwemo Joseph Okotto-Okotto, walichora ramani ya vyoo vya shimo na visima katika mitaa ya Manyatta A na Migosi. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kadiri vyoo vinavyosongamana ndani ya mita 100 kutoka kisimani, ndivyo naitreti na kloridi zinavyopanda. Vijidudu havikufuata mpangilio huo. Niliposimuliwa nilicheka, maana hatua mia zangu zilikuwa zimepata cheti. Dodoma nako, Hudson Nkotagu alifuatilia asili ya naitreti nyingi kwenye maji ya ardhini, na andiko lake la mwaka 1996 likaelekeza kidole kwenye maji taka. Marekani, ambako mashamba yanamwagiwa mbolea kwa magari, Bernard Nolan na Kerie Hitt waliunda mwaka 2006 vielelezo viwili vya kutabiri naitreti kwa nchi nzima, kimoja cha maji ya juujuu na kingine cha visima virefu vya kunywa. Ukivivua nguo zake za takwimu unakuta maswali matatu: kuna naitrojeni kiasi gani juu, maji yanazama kwa urahisi gani, na njiani kuna kitu gani cha kuipunguza. Ni maswali ninayowauliza majirani nikiwa na kobazi miguuni.

Kwetu mbolea ya dukani siyo ninayoihofia zaidi. Mnazi wetu na mkorosho wetu havioni mfuko wa urea mara nyingi. Nahofia choo, zizi na karo. Ng'ombe tunawafunga chini ya minazi, na anayefunga kundi zima mahali pamoja kila usiku, mwaka hadi mwaka, amechimba choo kisicho na shimo. Nyumba za wageni nazo zinaongezeka, Kilindoni na Utende, kila moja na karo lake, na karo linalojengwa vizuri huzuia kinyesi, halizuii naitreti, kwa kuwa maji yake lazima yazame mahali. Sensa ya 2012 ilitukuta wilayani watu 46,438. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 66,000. Ardhi haikuongezeka hata shubiri. Bahari imeimega: waliosimama Ras Kisimani wanajua mji ule wa kale ulivyoliwa na mawimbi, mji ambao jina lake lenyewe ni kisima.

Sasa kwa nini nawasumbua hivi? Kwa sababu ya mtoto mchanga. Mtu mzima hunywa maji hayo asione kitu. Mtoto wa chini ya miezi sita, akikorogewa maziwa ya kopo au uji kwa maji yenye naitreti nyingi, naitreti hugeuka naitraiti mwilini, nayo huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, Marekani, Hunter Comly, ndiye aliyeandika habari za watoto waliogeuka rangi ya buluu, akaufuata ugonjwa mpaka kwenye visima vya nyumbani kwao. Kwa watoto wetu weusi msitafute buluu kwenye ngozi. Angalieni midomo, ufizi, ulimi na kucha, zikiwa za kijivujivu au zambarau mkimbizeni hospitali, na mkifika semeni anakunywa maji ya kisima gani. Wengi husahau kusema.

Mama anayenyonyesha asiogope, maziwa yake hayabebi naitreti kwa wingi wa kumdhuru mtoto hata kama yeye mwenyewe amekunywa kisimani. Lile somo la kliniki la kunyonyesha miezi sita bila kumpa mtoto maji linamkinga pia na hili.

Na tafadhali, ondoeni hii imani ya kuchemsha. Chemsheni kwa ajili ya kuhara na kipindupindu, hilo haliachwi. Lakini naitreti haiondoki na mvuke, inabaki sufuriani. Lita tano zenye miligramu 40 kwa lita zikichemka zikabaki lita nne, sasa zina 50. Dawa ya kutia kwenye ndoo nayo haigusi naitreti, wala chujio la mkaa, wala kitambaa. Mitambo ya kuiondoa ipo, ghali, na inahitaji umeme na fundi. Sisi tuna paa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana naitreti kabisa, na ukichanganya ndoo moja ya mvua na ndoo moja ya kisima chenye 66 unapata 33. Watu wa Jibondo wameijua thamani ya paa kabla yetu. Kila nyumba yenye mtoto mchanga na iwe na pipa la mvua, lifunikwe, na maji ya mwanzo ya kuosha paa yamwagwe.

Nije kwenye jambo ambalo litaniletea maneno. Kuchimba kisima ni sadaka inayoendelea, na kila mwaka watu wema, wa hapa na wa ng'ambo, huleta fedha za kisima cha msikiti. Alhamdulillahi. Lakini nani huchagua mahali? Mara nyingi ni uani mwa msikiti, hatua chache kutoka vyooni na penye kutawadhia, ili mfadhili apigwe picha kisima na mnara vionekane pamoja. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo na nikanyamaza kwa heshima ya wageni. Nilikosea. Nyinyi msinyamaze. Mwambieni mfadhili, kwa adabu, kwamba kisima kitachimbwa nje ya kijiji upande maji yanakotokea, kwenye shamba ambalo kijiji kitaliandika kuwa halijengwi, na maji yaletwe msikitini kwa bomba. Itamgharimu zaidi. Akikataa, bora fedha zijenge tangi la mvua. Na uamuzi wa kutojenga uandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, kwa sababu shamba tupu karibu na maji ndilo kiwanja cha kwanza kuuzwa.

Vyoo tutaendelea kuwa navyo, haiwezekani vinginevyo. Lakini shimo lisifike majini. Ukichimba ukaona unyevu, simama, rudishia udongo, inua choo juu kwa matofali. Maji ya kuogea yaelekezwe kwenye migomba, si shimoni, maana yanaisukuma naitreti chini. Zizi lihamishwe kila msimu, na samadi ipelekwe kwenye minazi ambayo inaihitaji na itaila.

Mwisho ni daftari. Nimesikia sasa kompyuta hufundishwa kutabiri, inalishwa visima maelfu vilivyopimwa, nayo inabashiri visivyopimwa. Ni jambo zuri, lakini itajifunza nini kuhusu Mafia kama hatuna visima vilivyoandikwa? Nunueni daftari moja gumu kwa kila kijiji, Bweni, Kirongwe, Baleni, Chole, Juani, popote. Kila kisima ukurasa wake: kina mpaka majini, mchanga au jiwe, mwaka kilipochimbwa, vyoo ndani ya hatua mia, watu, ng'ombe, na majibu ya kipimo pamoja na aina ya kipimo. Pimeni mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, na tena wiki chache baada ya masika kuanza, kwa sababu mvua za kwanza husomba naitreti iliyolala mchangani miezi yote ya jua. Aliyepima Februari tu hajapima. Pimeni na kloridi, inayoonyesha chumvi. Chumvi ikipanda peke yake, bahari inaingia. Ikipanda pamoja na naitreti, shuku choo kwanza. Vijiti vya kupimia vinatosha kwa kuanzia, na kisima kitakachoonyesha rangi nzito kipelekeeni sampuli RUWASA, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya maji ya vijijini, waifikishe maabara.

Daftari langu nimeshalianza, visima ishirini na kitu, mwandiko mbaya. Mje mlichukue. Masika huingia Machi, na kabla yake nataka kila mmoja wenu awe ameshazunguka kisima cha nyumbani kwao hatua mia na kuniletea idadi.